Kanda Tuliyomficha Mwalimu Salumu

Kwa wiki tatu nzima usingizi wangu uliharibiwa na kanda moja ya kaseti. Niliwaza hivi: nikiiacha ilipo itakufa, maana utepe wake umeshaanza kupukutika unga. Nikiitoa watu waisikie, huenda nikamvunjia heshima mzee ambaye hajawahi kunikosea hata siku moja. Nikifika hapo nageukia ukutani, naanza kuwaza upya. Mama husema mimi hutafuna ugali niliokwisha kuumeza. Labda ni kweli. Nina shahada, kazi bado sijapata, na mtu wa namna hiyo hakosi muda wa kuwaza.

Lakini mashaka yangu hayaeleweki bila kuzijua siku za kanda ile, kwa hiyo niwarudishe nyuma kidogo.

Nawaandikia ninyi wenzangu mliosoma shule ya msingi wakati kijiji kizima kina simu moja ya mkononi, na mwenye nayo akitaka kuongea lazima apande juu ya kichuguu. Kijiji chetu kiko ndani, ukiiacha barabara kuu pale Kiranjeranje na kuelekea vilimani. Jumatatu tulikwenda shule na ufagio wa chelewa, Ijumaa tulikwenda na dumu la maji. Jioni ilikuwa rede mpaka mpira wa soksi ufumuke, kisha kombolela. Msimu wa korosho tulinyonya mabibo mpaka maji yakatuchuruzika viwikoni, na doa la bibo kwenye shati jeupe la shule halikuwa na sabuni yake. Mwalimu wa zamu alikuwa anawajua watoro kwa vifua vyao. Tulichoma korosho kwenye kipande cha bati, moshi wake unauma macho, tunazila za moto na midomo inababuka. Na ming'oko, ile mizizi ya porini! Imechemshwa, unaimenya kwa meno, unaichovya kwenye chumvi na pilipili. Wadogo zangu wa siku hizi ukiwapa ming'oko wanaipiga picha kwanza, halafu wanauliza kama kuna chipsi.

Redio yetu ilikuwa ya baba mkubwa Kasto, kaka yake baba. Ilikuwa redio kaseti ya betri kubwa nne, na nyinyi nyote mnajua betri zikichoka tulifanyaje. Tulizing'ata kwa meno. Tulizianika juu ya bati la jiko kama dagaa, asubuhi mpaka adhuhuri, na mmoja wetu akabaki kufukuza kuku. Kanda ikivutwa na redio na kutoka nje kama utumbo, tuliirudisha kwa kuizungusha na kalamu. Ikikatika, tuliiunga kwa gundi ya karatasi. Leo mtoto wa miaka mitano anaruka wimbo kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Sisi tulianika betri nusu siku ili tusikie nyimbo tatu, na ya nne ilianza kuburuzika kama mtu anayeimba huku anasinzia.

Katika kanda zote za baba mkubwa, moja ndiyo ilikuwa kanda. Juu ya karatasi yake alikuwa ameandika kwa mkono, herufi zikiegemeana: SAUTI ZA GHALANI. Ndani mlikuwa na nyimbo saba, na kwenye nyimbo hizo gitaa lilikuwa linalia kama fisi aliyetubu.

Hadithi yake tuliisikia mara nyingi kuliko nyimbo zenyewe. Miaka ya sabini, baba mkubwa akiwa kijana, alikuja kijana wa Kizungu kusaidia kujenga zahanati ya misheni. Aliitwa Danieli. Nywele zake zilifika mabegani, ana ndevu, anavaa makubazi, na bibi yangu alisimulia kwamba siku ya kwanza alipopita njiani wanawake wawili walipiga magoti, wakidhani picha ya kanisani imeshuka ukutani. Huko kwao, Danieli aliwaambia, kulikuwa na vijana wengi wa namna yake, wenye nywele ndefu na miguu mitupu, waliompenda Yesu lakini wakaona kinanda hakitoshi kumwimbia. Kwa hiyo walimwimbia kwa roki, tena roki ile ya kuzungusha kichwa, yenye mwangwi na milio inayopaa na kupotea. Alikuwa na gitaa la umeme na kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Akikikanyaga, gitaa linaacha kusema linaanza kulia.

Padre alimsikiliza mara moja, akasema kwa upole kwamba hiyo si sauti ya misa. Basi wakahamia kwenye ghala la korosho la kijiji, ambalo kabla ya msimu huwa tupu, na kuta zake za bati zinarudisha kila neno mara tatu. Betri ya lori la misheni ikawa umeme wao. Danieli akapiga gitaa, baba mkubwa akajifunza la pili na kuimba, na wa tatu, aliyepiga ngoma, alikuwa jirani na mtani wake, Salumu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu: hawaachi kuchokozana, na kwenye msiba ndio wanaotangulia kaburini kufanya vituko. Siku tatu wakarekodi kwenye kinasa sauti kidogo cha Danieli. Danieli akamaliza zahanati, akamwachia baba mkubwa kanda, akarudi kwao, barua zikaja mbili, zikakoma.

Kulikuwa na kasoro moja. Betri za kinasa sauti zilikuwa zimechoka bila wao kujua, kwa hiyo ukiweka betri mpya kwenye redio kanda inakimbia. Baba mkubwa alikuwa akituambia, “Betri zikiwa mpya sisi tunakuwa watoto. Zikiisha tunakuwa wazee. Subirini zifike katikati, ndipo mtatusikia vijana.” Na kweli, kulikuwa na robo saa ya dhahabu, betri zikiwa zimekula jua kiasi tu, ambapo sauti yake ilitulia, nene na tamu, na mama akiwa jikoni anaacha kutwanga.

Tatizo lilikuwa wimbo wa saba. Katika wimbo huo, Salumu hakupiga ngoma tu, aliimba ubeti. Na Salumu wa wakati huo, kijana wa suruali pana, ndiye aliyekuja kuwa Mwalimu Salumu, mwalimu wa madrasa, mtu anayewasomesha watoto wa nusu ya kijiji na anayesimama mbele kwenye sala. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na sheria: upande wa pili ukifika wimbo wa mwisho, zima. Wageni wasisikie, watoto tusiuimbe kisimani, na Mwalimu mwenyewe asijue hata kama kanda ipo, asije akaaibika. “Ujana wa mtu ni siri yake,” baba mkubwa alisema. “Mtani wangu nitamtania kwa kila kitu isipokuwa dini yake.”

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa Krismasi. Kwetu, kama mnavyojua, Mkristo hachinji mbuzi wa sikukuu peke yake wakati majirani wapo. Anaitwa Mwislamu achinje, ili nyama iwe halali kwa wote na sahani zisafiri kila mlango. Nao Idi ikifika, pilau yao inakuja kwetu imefunikwa kwa kawa. Mchinjaji wetu wa kila Krismasi alikuwa Mwalimu Salumu mwenyewe. Na baba mkubwa bila kanda ile asubuhi ya Krismasi hakuhesabu kama Yesu amezaliwa. Hivyo aliifungulia mapema, na mimi nikawekwa kwenye uzio kulinda njia. Kwa bahati nzuri Mwalimu alikuwa na kikohozi chake: akifika kwenye kichuguu, lazima akohoe mara mbili, kwa nguvu. Nikisikia kikohozi napiga kelele, “Anakuja!” na redio inakatwa kichwa katikati ya neno. Mwalimu anaingia na kisu chake kwenye kitambaa, anatusalimu, tunamwamkia, na baba mkubwa anaanza:

“Mtani, umechelewa. Mbuzi amekufa kwa uzee anakungoja.”

“Nilikuwa nainolea kisu shingo yako kwanza, mtani.”

Tunacheka wote, na kanda imelala kwenye kapu chini ya nguo za kanisani.

Miaka ikaenda. Nguzo za umeme zikafika, redio ikawekwa juu ya kabati na kitambaa cha kufuma juu yake. Mimi nikaenda Dar es Salaam kusoma. Mwaka juzi baba mkubwa akafariki. Niliporudi nyumbani na cheti changu, baba alinikabidhi kapu la vitu vya kaka yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye redioni. Akanitazama nikiitoa kanda, akasema, “Hiyo ni amana, Otilia. Amana si lazima ioze, lakini usiitoe ovyo.” Sentensi ya namna hiyo, kwa mtu kama mimi, ni chakula cha miezi.

Niliipeleka Lindi, kwa fundi mmoja wa redio kule Mitwero, kijana wa rika langu. Aliishika kwa ncha za vidole. “Dada, hii inapita mara moja tu. Ikipita mara ya pili inabaki unga.” Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Nyimbo zilipoanza alivua kofia. “Mbona kali hivi? Hawa ni wazee wa wapi?” Nikamwambia ni wazee wa ghala la korosho. Akacheka, akadhani ni jina la bendi.

Kanda ikapita, ikaokoka. Lakini umeme wa Mitwero hauchoki kama betri zetu, na sauti zote zilitoka nyembamba, za haraka, kama watoto wa chekechea wanaokimbizwa. Wimbo wa saba ulikuwa mbaya zaidi. Mwangwi na mbio vilizika maneno, nikaambulia “Mariamu” tu. Fundi akasema anaweza kupunguza mwendo. “Niambie kiasi gani.” Sikujua. Nilijaribu kukumbuka ile robo saa ya dhahabu, nikagundua naikumbuka kwa ngozi, si kwa masikio. Danieli hatujui kama yu hai. Baba mkubwa hayupo. Mtu mmoja tu duniani alijua mwendo wa nyimbo zile, kwa kuwa yeye ndiye aliyeupiga.

Hapo ndipo wiki zangu tatu zilipoanzia. Niliandika barua nikaichana. Nikafikiria kukata wimbo wa saba na kubaki na sita, nikaona huo ni wizi. Nikafikiria kumpa Mwalimu peke yake, nikaogopa atadhani namtishia. Nikafikiria kusubiri, lakini kusubiri, kwa mzee wa miaka ile, najua maana yake. Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili nilijifunga khanga nikaenda, kabla kichwa changu hakijaamka vizuri.

Nilimkuta barazani, miwani puani, anashona mkeka uliofumuka. Mkewe, Bi Hadija, alikuwa pembeni anapepeta mbaazi.

“Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuambia umepata kazi, au umekuja kunywa uji wetu?”

“Kazi bado, Mwalimu.”

“Basi uji. Hadija, mletee mtani kikombe kisicho na ufa, asije akatutangaza.”

Nilikunywa uji. Nikaulizia mvua. Nikaulizia mgongo wake. Nikasifu mkeka. Nikaanza habari ya amana na thamani ya kumbukumbu, sentensi nilizozipanga kitandani, mpaka Mwalimu akaweka sindano chini.

“Otilia, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga, mwanangu.”

“Ni ile kanda, Mwalimu. Ya baba mkubwa. Ya ghalani.”

Alivua miwani. “Danieli ameileta?”

“Hapana. Tunayo sisi. Tumekuwa nayo siku zote.”

“Siku zote,” alisema. Nikaona anahesabu, si miaka, bali kitu kingine. “Mimi nilijua Danieli aliondoka nayo. Sijaisikia hata mara moja. Kasto alikuwa nayo nyumba ya tatu kutoka hapa?”

Ikabidi niseme yote: sheria ya wimbo wa saba, kapu, uzio, Krismasi, mimi na kelele zangu za “anakuja”. Niliongea nikitazama mbaazi. Nilipomaliza nikasikia mlio wa ajabu. Mwalimu Salumu alikuwa anacheka, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanatoka.

“Hadija! Unasikia? Kila Krismasi nikikaribia kwao nasikia redio inanyamazishwa na watu wanakimbizana. Nikajua wanakunywa uraka wa mabibo, wanaficha vikombe. Mimi nikaona nisimwaibishe mtani wangu. Nikawa nikifika kwenye kichuguu nakohoa makusudi, ili niwape nafasi!”

“Kumbe huumwi kifua!” Bi Hadija akasema. “Na mimi nakuchemshia tangawizi kila mwaka!”

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Halafu Mwalimu akaacha kucheka kabla yetu, akasema polepole, “Lakini nilidhani pia hamtaki niwe karibu. Siku ile ya sikukuu nyumba inachangamka mpaka mimi nifike. Hilo lilikuwa linaniuma kidogo, Otilia. Washa.”

Niliwasha simu. Wimbo wa kwanza ukaruka nje na sauti zake nyembamba.

“Nani hao? Panya?”

“Ndiyo maana nimekuja, Mwalimu. Sijui mwendo wenyewe.”

“Punguza.” Nikapunguza. Akaanza kupiga mkono wake kwenye ubao wa kiti, kiganja, vidole, kiganja. “Punguza tena. Zaidi. Ah, umepitiliza, huyo ni mlevi, rudi kidogo. Kidogo, mwanangu, hutwangi mtama. Hapo. Hapo! Usiguse.”

Na baba mkubwa Kasto akaanza kuimba. Sauti nzito ya kijana wa miaka ishirini, ikirudishwa na kuta za bati mara tatu, na gitaa la Danieli likizunguka juu yake kama moshi unaotafuta tundu. Bi Hadija aliweka ungo chini. “Huyo si Kasto?” alisema. Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado unapiga ubao, sambamba na mkono wake mwenyewe wa zamani.

Tulisikiliza zote. Ilipofika ya saba kidole changu kilikwenda chenyewe kuizima. Mwalimu akakishika. Ngoma ikaanza, kisha sauti nyingine, nyembamba kuliko ya baba mkubwa lakini haina woga:

*Isa mwana wa Mariamu,*
*umetembea mbali na jua ni kali.*
*Pita kwetu, mkeka upo,*
*maji yapo mtungini.*

“Uliniambia siku zile ulikuwa unalinda ghala,” Bi Hadija akasema taratibu.

“Nililinda. Nikaimba kidogo.” Akanigeukia. “Umesikia hapo neno la kunitoa kwenye dini yangu?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Isa ni nabii, nimemsoma kwenye chuo cha Kurani kabla sijaota ndevu. Danieli alisema kila mtu aimbe anachokiamini. Nikamkaribisha maji mgeni wa jua kali. Kasto, Mungu amrehemu, hakusikiliza maneno; alisikia sauti yangu tu akaanza kunisitiri. Miaka yote hiyo ananisitiri kwa kitu ambacho hakikuwa uchi! Ningejua siku ya msiba wake, ningeingia kaburini nisitoke mpaka mnipe majogoo wawili.”

Nikamuuliza, sasa nifanye nini. Alisema nisubiri mpaka Ijumaa ipite. Anao watoto, anao wanafunzi na wazazi wao, na hataki wayasikie kwenye simu kabla hawajayasikia kinywani mwake. “Wapo watakaosema. Waseme mbele yangu.” Ijumaa, baada ya sala, akawaeleza mwenyewe. Wawili walisema, kama alivyotabiri. Mmoja akaacha kumsalimia kwa siku kadhaa. Wengine waliuliza wataisikia lini. Jumamosi asubuhi alimtuma mjukuu wake kwetu na neno moja tu: “Tayari.”

Nimefikiria sana tulichopoteza, sisi watoto wa betri za kuanikwa. Wadogo zetu wana nyimbo za dunia nzima mfukoni na hawajui kungoja hata moja. Wataisikiliza kanda hii wakila, wakitembea, wakijibu ujumbe, na wengine watauliza kama ina video. Hawataijua harufu ya kapu lile, wala ukimya wa mama akiacha kutwanga. Lakini enzi zetu nazo zisijisifu sana. Tuliipenda sauti ile tukaifungia, na kwa heshima iliyokuwa kubwa mno tukamwacha mtu mmoja nje ya furaha yake mwenyewe, hatua arobaini kutoka mlangoni. Hawa wa leo hawawezi kuficha kitu, na safari hii, nadhani, wametuzidi.

Jumamosi ile ile nilikaa kibarazani na simu, kundi la kijiji likiwa wazi, watu mia na zaidi kutoka Somanga mpaka Dar es Salaam. Nilisoma nilichoandika mara nne. Mara ya tano nilijizuia. Nikafuta maelezo yote, nikabakiza majina matatu tu, Kasto, Salumu na Danieli, la Salumu bila neno la kumtetea, nikatuma nyimbo zote saba.